Goma: Unanunua spika Birere? Namba kubwa ya kwenye karatoni isikudanganye
Birere, mtaa wa biashara unaopakana na Gisenyi, Rwanda, ndiko wakaazi wengi wa Goma hutafuta vyombo vya umeme. Anayenunua spika za kompyuta, zile wengi huita bafle, asitoe pesa kwa kuona PMPO: namba hiyo haina kipimo kimoja kwa viwanda vyote. Atafute RMS, nguvu ambayo spika hubeba kwa muda mrefu.

Spika inayotumia USB 2.0 pekee hupata wati 2.5 tu. Inatosha chumbani, na umeme ukikatika huendelea kwa betri ya laptop. Ya volti 220 hulia zaidi, lakini hunyamaza umeme ukienda.

Kabla ya kulipa, omba iunganishwe, ongeza sauti. Ikikwaruza, iache dukani.