Moyo Uliokua Hauyeyushwi kwa Limau

Wagonjwa wengi wa shinikizo la juu la damu, wakishaambiwa kuwa moyo umekuwa mkubwa, huuliza ni mchanganyiko gani wa kitunguu saumu, tangawizi na limau utakaouyeyusha, ilhali swali linalostahili kuulizwa ni mzigo gani ulioulazimisha moyo kukua.

Karibu seli zote za misuli ya moyo wa mtu mzima haziwezi tena kugawanyika, hivyo zinaposukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa kwa miaka mingi haziongezeki idadi, bali kila moja hunenepa kwa kujijazia nyuzi za protini zinazoiwezesha kujikaza. Hali hiyo huitwa haipatrofia, nayo ni tofauti na haipaplasia, yaani ongezeko la idadi ya seli, ambalo ndilo huikuza tezi dume ya mzee.

Ukuta ulionenepa, basi, si mafuta wala uchafu ulioganda. Ni nyama hai ya moyo, na hakuna kinywaji kinachoweza kuiyeyusha bila kumuua mwenye moyo. Hata kama kitunguu saumu hushusha shinikizo kidogo, hakiwezi kushika nafasi ya dawa, na madhara yake makubwa ni kumpa mgonjwa kisingizio cha kutupa vidonge huku seli zikizidi kunenepa kuliko uwezo wa mishipa midogo kuzilisha, makovu yakijijenga kati yake, hadi moyo unapolegea, miguu ikavimba na pumzi ikakatika. Wanaojifariji kwa moyo mkubwa wa mwanariadha husahau kwamba mzigo wake huisha mazoezi yanapoisha, na kwamba mishipa yake midogo hukua pamoja na misuli.

Yanayofaa yanajulikana: shinikizo lishushwe chini ya 140/90 au kiwango alichoweka daktari, dawa kama losartani, enalaprili au amlodipini zinywewe kila siku, ingawa mbili za kwanza ni marufuku kwa mjamzito, chumvi isifike gramu 5 kwa siku, sigara iachwe, na mazoezi ya wastani, kwa idhini ya daktari, yafikie dakika 150 kwa wiki.

Mzigo ukipungua kwa miezi na miaka, ukuta nao huweza kupungua unene. Anayeacha vidonge kwa kuwa anajisikia mzima huurudishia moyo mzigo uleule.