Konji yako na maji ya korongo

Siku za konji zinapokaribia, wengi wenu hapa Mikelenge huanza kuhesabu: siku ngapi, franka ngapi, na nani atabaki kulinda nyumba. Wengi watakwenda kijijini kuona wazazi. Lakini wako wengine, zaidi vijana, wanaopenda kutumia konji kwa kutembea na kuona mambo ya ajabu ya nchi. Ukurasa huu hauwakatazi. Unataka tu mrudi wote nyumbani, wewe, bibi na watoto, hesabu ile ile iliyoondoka.

Leo tunasema juu ya makorongo, ni kusema mahali pale maji yalipokata mawe miaka mingi sana mpaka yakabaki kupita kati ya kuta mbili. Kwetu liko moja lenye sifa. Mto Lualaba, huu huu mpana tunaouvuka kwenda Alunguli, chini kidogo ya mji wa Kongolo unabanwa na mawe mpaka upana wake unabaki karibu mita 100. Wazungu walipaita Portes d'Enfer, Milango ya Jehanamu. Mashua haikuweza kupita pale, wala katika maporomoko yanayofuata. Ndiyo sababu kampani ya C.F.L. ilijenga njia ya reli toka Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355, ikamalizika mwaka 1911. Basi kila mtu wa Kindu aliyepanda treni kwenda kusini amelizunguka korongo hilo, hata kama hakujua.

La pili lina jina lile lile, lakini liko mbali, Kenya, karibu na ziwa Naivasha. Wasafiri Fischer na Thomson walipaita Hell's Gate mwaka 1883. Inaonekana watu wale waliona jehanamu kila mahali njia ilipokuwa nyembamba! Tangu mwaka 1984 ni parke ya taifa, nayo ni ndogo, kilometa za mraba 68 hivi. Watu huipenda kwa sababu mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli kati ya punda milia na twiga, kitu ambacho parke nyingi hazikubali. Ndani yake liko korongo la Ol Njorowa. Siku nyingi ni kavu, maji kidogo tu yanapita chini, na mahali pengine kuta zimekaribiana sana. Mtoto anaweza kutembea humo. Ndiyo sababu linapendwa, na ndiyo sababu limeua.

Mwezi wa Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikuwa kinatembea ndani ya korongo hilo. Maji ya mvua yaliteremka kwa ghafula, watu 7 wakafa. Tarehe 1 Septemba 2019 jambo lile lile lilirudi: watu 7 tena, na mmoja wao alikuwa kiongozi wa njia, mtu wa pale pale aliyejua kila jiwe. Baada ya hayo wakubwa wa parke walifunga korongo.

Namna gani maji yanaweza kuua watu mahali palipokuwa pakavu saa moja mbele? Fikiri hivi. Kijito chenye upana wa mita 20 na kina cha nusu mita, kila mtu anakivuka akikunja suruali. Sasa maji hayo yote yaingie katika ufa wa mita 2. Kama mwendo wake haukubadilika, kina chake kitakuwa mita 5. Kweli mwendo nao huongezeka, lakini huo si msaada: meta moja ya kibo ya maji ina uzito wa kilo 1000, na maji ya magotini yanayokwenda kwa nguvu yanatosha kumwangusha mtu mzima. Tena kuta za mawe hazinywi maji kama udongo wa shamba. Yote yanayoanguka juu ya vilima yanatafuta njia moja, nayo ni ile unayosimama ndani yake.

Wewe uliyefanya kazi katika machimbo umekwisha kuona jambo hili. Shimo la kasiteriti linaweza kujaa wakati jua linawaka juu ya kofia yako, kwa sababu mvua imenyesha upande wa juu wa bonde. Mkubwa wa kikosi mwenye akili hatazami wingu lililo juu ya shimo tu, hutazama vilima. Fanya vile vile siku ya konji. Ukiona vilima vya mbali vimekuwa vyeusi, au ukisikia ngurumo, usiingie korongoni, hata kama umekwisha kulipa na watoto wanalia.

Usiitumaini kalenda peke yake. Naivasha mvua kubwa hunyesha toka Machi mpaka Mei, na mvua ndogo toka Oktoba mpaka Desemba. Ajali ya Aprili ilikuwa katika majira yake. Ile ya Septemba haikuwa katika majira yo yote kati ya hayo mawili.

Kama umekwisha kuingia, tazama maji yaliyo miguuni pako. Yakigeuka rangi ya udongo, yakianza kuleta majani na vijiti, au ukisikia mvumo kama wa kamio kubwa inayokuja, usingoje kuhakikisha. Panda juu, mahali pa kwanza panapopandika. Usikimbie kufuata korongo kwenda chini, maji yatakushinda mbio. Mfuko, viatu, telefone, viache. Na tangu mwanzo, kila mwendo wa dakika chache jiulize: hapa nilipo, nitapandia wapi? Ukiona kuta mbili laini pande zote na hakuna jibu, rudi mahali penye jibu.

Lualaba wa Kongolo una ubaya wa namna nyingine. Hauji kwa ghafula. Uko pale siku zote. Maji ya mto mzima yanapita katika mlango ule, yanajizungusha na kuvuta chini. Usipande mtumbwi kuingia mle kwa ajili ya picha, na usikubali kijana wa pale akuambie kwamba yeye ni hodari. Tazama toka juu ya mawe, mbali na ukingo wenye majani mabichi na ukoka unaoteleza, na mtoto mdogo ashikwe mkono, si kuitwa kwa sauti.

Jambo moja huwadanganya watu: mto huo unaweza kuwa mkubwa hata mvua ikiwa imekwisha. Mvua ya Katanga huisha karibu na Aprili, lakini maji yake hukawia katika maziwa na matope ya Upemba kabla ya kuteremka. Maji ya Tanganyika nayo hutoka kwa mto Lukuga na kuingia Lualaba karibu na Kabalo. Mwaka 2024 ziwa hilo lilipanda sana likaingia nyumba za watu Kalemie na Uvira. Kwa hiyo waulize wavuvi wa Kongolo mto uko namna gani juma hili. Kule si parke. Hakuna mlinzi wa kukuzuia, wala kibao cha hatari. Pita kwanza kwa wakubwa wa mahali, waulize pia kama njia ina usalama wa watu. Wakisema hapana, konji itumie mahali pengine.

Katika migodi ya chini ya ardhi kila mtu anaposhuka huacha jetoni yake, na jioni ubao unasema nani hajapanda. Weka ubao wako. Mwambie mtu atakayebaki: tunakwenda mahali fulani, tuko watu sita, saa kumi tutakuwa tumerudi, tusipoonekana, tafuteni. Kenya, wape habari hiyo walinzi mlangoni, tena uwaulize kama korongo limefunguliwa siku hiyo, na usiingie bila kiongozi wa njia.

Juu ya afya, tayarisha mapema. Kwa Kenya utahitaji karte ya manjano ya chanjo ya fievre jaune. Ichanjwe siku 10 au zaidi mbele ya safari. Chandarua ni kwa wote, hata mtu anayelala usiku mmoja tu. Beba bidoni ya maji yaliyochemshwa. Usioge katika maji yaliyotulia yenye konokono, maana bilharzi huingia kwa ngozi. Na ukirudi Mikelenge, homa ikikushika katika majuma yanayofuata, usinunue vidonge sokoni. Nenda kwa munganga siku ile ile, umwambie ulilala wapi na ulioga wapi, maana yeye hawezi kuyajua hayo kwa kukutazama.