RUZUKU NI AMANA: JINSI YA KUOMBA MSAADA KWA TAASISI ZA HISANI



Wanafunzi wetu wapendwa, wazazi na walezi. Katika vikao vya kamati za madrasa za mwambao wetu huu, kuanzia Kilwa hadi Lindi, swali moja haliishi kurudi. Watoto ni wengi, maji ya udhu ni ya shida, paa linavuja, na michango ya wazazi haitoshi. Kwa nini basi tusiwaombe wafadhili? Swali hilo ni la haki. Katika makala haya tunaeleza taasisi ya hisani ni nini, nani anaweza kuiomba, ombi linaandikwaje, na nini kinafuata fedha zikishapatikana. Tungependa msomaji ashike jambo moja kuliko yote: ruzuku ni amana kabla ya kuwa msaada.

Hisani ya mtu na hisani ya taasisi

Kuomba na kupewa si mambo mageni katika mji wa Kilwa. Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa ukarimu wake. Msafiri huyo anaeleza kuwa sultani alikuwa akitenga khumsi ya ngawira, na fungu la masharifu akaliweka katika hazina ya peke yake ili lisichanganyike na mali nyingine. Masharifu walimjia kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko, naye akiwapa kutoka katika fungu hilo.

Lakini Ibn Battuta anaeleza na upande wa pili. Hasan alipofariki alirithiwa na nduguye Daud, ambaye tabia yake ilikuwa kinyume. Mwombaji akija alijibiwa kuwa mtoaji amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Hapo tunapata mafunzo mawili. La kwanza, fedha ya jambo maalumu hukaa peke yake. La pili, hisani inayotegemea moyo wa mtu mmoja huweza kwisha siku mtu huyo anapoondoka.

Ndiyo maana Waislamu tangu zamani waliweka wakfu: mali inafungwa isiuzwe wala isirithiwe, na mapato yake yanaendelea kuhudumia msikiti, chuo au wasafiri. Taasisi za hisani za leo zinafanana na wakfu kwa sura hiyo. Zina mali au wachangiaji, zina bodi, zina malengo yaliyoandikwa na utaratibu wa kutoa. Mwombaji hasimami tena mlangoni kwa sultani. Anaandika karatasi, na karatasi hiyo inasomwa na watu wasiomjua.

Mfano wa jirani zetu

Mfano mzuri kwa madrasa ni wa Mombasa. Mwaka 1982 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimweleza Aga Khan wasiwasi wao: watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma katika shule za serikali kwa kukosa maandalizi ya awali. Mwaka 1986 mpango wa madrasa za chekechea ulianza Mombasa kwa ufadhili wa Taasisi ya Aga Khan. Ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993, na baadaye shule za jamii zilizosaidiwa zikapita 200.

Tazameni mambo matatu katika kisa hicho. Wazee hawakwenda na orodha ya vitu; walikwenda na tatizo wanalolijua. Pili, kila jamii iliyotaka shule ilifunga mkataba: ilitoa mahali pa kusomea, iliunda kamati, ilichagua akina mama wa kufundishwa ualimu. Vifaa vya kuchezea watoto vilitengenezwa kwa vitu vilivyopo, kama vifuu, magome na mbegu. Tatu, mpango ulifikiria siku ambayo mfadhili ataondoka, kwa kuanzisha mfuko wa akiba ambao jamii ilichangia na mfadhili akaongeza.

Mfano mwingine ni wa Dk. Abdulrahman Al-Sumait, tabibu wa Kuwait aliyeanzisha Africa Muslims Agency, shirika lililokuja kuitwa Direct Aid. Huko Chukwani, Zanzibar, chuo cha ualimu kilichoanzishwa mwaka 1998 sasa ni chuo kikuu chenye jina lake. Yeye alifariki mwaka 2013, na chuo kinaendelea kusomesha. Hiyo ndiyo faida ya hisani iliyowekewa taasisi.

Nani anaweza kuomba?

Taasisi nyingi hazimpi ruzuku mtu binafsi, hata awe ustadhi mwenye sifa. Zinatoa kwa chombo kinachotambulika kisheria. Hapa Tanzania Bara madrasa na jumuiya za dini huandikishwa chini ya Sheria ya Jumuiya, kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 haihusu jumuiya za dini, kwa hiyo kamati isipoteze nauli kwenda kubisha mlango usio wake. Ardhi na majengo ni vizuri yawe chini ya bodi ya wadhamini iliyoandikishwa RITA, wakala uliozinduliwa mwaka 2006. Kiwanja kikiwa kwa jina la mtu mmoja, mfadhili atauliza: siku mtu huyu akifariki, jengo litakuwa la nani? Nasi wenyewe tulipaswa kuuliza hivyo mapema.

Zaidi ya hati ya usajili huombwa katiba, majina ya viongozi, mihtasari ya vikao, na akaunti ya benki kwa jina la madrasa yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Haya hayapatikani kwa wiki moja. Kamati inayosubiri tangazo la ruzuku ndipo itafute katiba huwa imechelewa.

Fedha hizo ni za aina gani?

Kila taasisi ina mambo yake. Kwa mfano Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2002, imejulikana kwa kuzipa ruzuku asasi za kiraia zinazoshughulikia utawala bora, haki na uwajibikaji. Kikundi cha akina mama wa Kilwa kinachotaka kuelimisha watu juu ya haki za ardhi kina la kuzungumza nayo. Madrasa inayotaka mabati haina, na hilo si dhuluma. Ni mlango mwingine tu. Taasisi nyingi pia hazitoi fedha kwa kazi ya kueneza dini, lakini zinaweza kusaidia maji, vyoo au elimu ya awali ya watoto.

Kwa mashirika ya Kiislamu tuulize zaidi: fedha hizi ni zaka, ni sadaka au ni mapato ya wakfu? Zaka ina makundi manane yaliyotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60. Mfuko wa zaka unaweza kukubali kumsaidia mwanafunzi fukara na ukakataa kujenga ukuta. Wapo pia wazee wanaouliza fedha zimetoka wapi na zina masharti gani. Wasibezwe. Masharti yasomwe mbele ya kamati nzima, na penye shaka waulizwe mashekhe kabla ya kutia sahihi.

Na mtu akija na fomu akadai ada kwanza ili "akupitishie" ombi, aagwe kwa heshima. Taasisi ya hisani inatoa fedha. Haina haja ya kumtoza fukara ili impe.

Ombi linaandikwaje?

Ombi zuri linajibu maswali ya kawaida kabisa: ninyi ni nani, tatizo ni nini, mtafanya nini, kwa gharama gani, ninyi mtatoa nini, na mtajuaje kuwa mmefaulu. Tuchukue mfano wa maji, maana mwambao wetu visima vingi vina chumvi.

Tuseme madrasa ina wanafunzi 60, na kila mmoja anahitaji lita 3 kwa siku kwa kunywa na udhu. Hizo ni lita 180. Tangi la lita 5,000 likijaa litatosha siku 27 za masomo. Je, litajaa? Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa la mita 10 kwa 8 lina mita za mraba 80, kwa hiyo mvua ya milimita 63 inalijaza tangi, ikiwa hakuna maji yanayopotea. Mvua ya masika inatosha kulijaza zaidi ya mara moja.

Bajeti nayo iandikwe kitu kwa kitu: tangi, mifereji ya bati, mabomba, saruji ya kitako, fundi, usafiri. Kila bei iwe na karatasi ya dukani. Kisha mchango wetu uonyeshwe: mawe na mchanga vya wazazi, siku za kazi za vijana, chakula cha mafundi. Mchango huo ni mali, nao unamwonyesha mfadhili kuwa hatumwachii mzigo peke yake.

Usiongeze hesabu

Hapa ndipo penye mtihani. Wapo wanaoshauri kwamba wanafunzi 60 waandikwe 150, kwa kuwa mfadhili yuko mbali na hatakuja kuhesabu. Wengine husema bei ziongezwe ili akipunguza, ibaki ya kutosha. Sisi walimu tunasema hapana. Daftari la mahudhurio limeandikwa majina ya watoto wenyewe. Mtoto tunayemfundisha asubuhi kwamba uongo ni katika alama za mnafiki, jioni asitumike kuwa namba ya uongo katika fomu. Tangi litakalopatikana kwa njia hiyo watoto watatawadhia maji yake, nao watajua.

Na ukweli hauharibu ombi. Katika mfano wetu, mvua ni chache kuanzia Juni hadi Oktoba, na tangi moja halitafika mwisho wa kiangazi. Tuandike hivyo hivyo, na tueleze kuwa miezi hiyo tutaendelea kuchota kisimani. Mfadhili aliyesoma maombi mengi anamtambua anayeijua shida yake, na anayesema mpaka wa uwezo wake huaminika zaidi.

Baada ya fedha kufika

Wengi hudhani kazi imekwisha benki inapopokea fedha. Hapo ndipo imeanza. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Basi na tuandike. Fedha za tangi zisinunue misahafu, hata kama misahafu inahitajika, mpaka mfadhili aombwe na akubali kwa maandishi. Risiti zihifadhiwe, mweka hazina asomee wazazi hesabu, na ripoti ipelekwe kwa wakati hata kama kazi imechelewa. Ombi likikataliwa, tuulize sababu kwa adabu, turekebishe, tuombe tena.

Wanafunzi wetu, nanyi mna sehemu yenu. Pimeni paa kwa futi kamba, hesabuni ndoo zinazotumika kwa siku, andikeni mahudhurio bila kuruka. Wazazi, njooni vikaoni msikilize hesabu, na mkiona kasoro msinong'one barazani, ulizeni kikaoni. Madrasa ambayo watu wake wanajua ina nini na imetumia nini iko tayari kuomba, na hata ikinyimwa haitakuwa imepoteza kitu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana, na awalipe kheri wote wanaotoa kwa ajili Yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.