Mlango Mmoja, Watu Mia Mbili



Huko Budapest, mji mkuu wa Hungaria, katika Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, kikundi cha wataalamu wa fizikia ya takwimu na ya viumbe hai kimejipatia sifa. Jina lao ni refu, lakini kazi yao inaeleweka. Wao huchunguza jinsi viumbe vingi vinavyokwenda pamoja: vijidudu, njiwa warukao kwa kundi, na binadamu. Mwaka 1995 Profesa Tamás Vicsek na wenzake walionyesha kwamba kundi laweza kuelekea upande mmoja bila ya mkubwa wa kuliamuru, iwapo kila mmoja anafuata mwelekeo wa jirani zake.

Kwa nini tunawaletea habari hizi? Kwa sababu mwaka 2000 Vicsek na Illés Farkas, wakishirikiana na Dirk Helbing aliyekuwa Ujerumani, walichunguza jambo linalotuhusu sana: watu wanaokimbia hatari ndani ya jengo. Walitumia kompyuta, maana hakuna anayeweza kuwasha moto ili awajaribu watu. Wakaweka chumba cha meta 15 kwa 15, watu 200, na mlango mmoja wenye upana wa meta 1.

Waliona haya. Watu wakienda mwendo wa kawaida, hutoka bila taabu. Kila mtu akitaka kupita mwendo wa meta 1.5 kwa sekunde, husukumana na kubanana mlangoni, na kutoka kukachelewa zaidi. Haraka haraka haina baraka, wazee walikwisha sema. Aliyeumia akaanguka huwa kizuizi kwa walio nyuma. Na pakiwa na moshi, watu hufuatana wote kwenye mlango mmoja, na mlango mwingine ukabaki hautumiki.

Ndugu, mara nyingi baada ya ajali tunaambiwa kwamba wafanyakazi walipoteza akili, basi kosa ni lao. Hesabu hizi zinatupa jibu. Watu wengi na mlango mwembamba vinatosha kuleta msongamano, hata kama hakuna mtu mwenye nia mbaya.

Na hapo mlango ulikuwa wazi. Je, ukifungwa? Mwaka 1911 katika kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, walikufa watu 146, wengi wao wasichana washonaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa. Mwaka 2012 huko Karachi, Pakistan, zaidi ya wafanyakazi 250 wa kiwanda cha nguo waliteketea, milango imefungwa na madirisha yana nondo.

Sisi nasi katika kuzungukia matawi tumekuta mlango wa dharura umetiwa kufuli, ufunguo uko kwa meneja, na sababu ati ni kuzuia wizi.

Kwa hiyo kila kamati ya tawi ifanye kazi hii. Ihesabu milango yote ya kutokea. Ipime upana wake. Ihesabu watu wa kila zamu. Idai mazoezi ya kutoka, ili kila mfanyakazi, hata kibarua wa juzi, aujue mlango wa pili. Mlango wowote wenye kufuli saa za kazi uandikwe, na mwajiri aulizwe kwa barua. Nakala iletwe ofisi ya Chama kabla ya kikao kijacho.