Je, Wajua? Mto Juu ya Ubao

Je, wajua kwamba Ruaha Mkuu, mto wa Tanzania unaopeleka maji Bwawa la Mtera na kusaidia kuzungusha mitambo ya umeme ya Kidatu, ulianza kukatika wakati wa kiangazi mwaka 1993? Zamani maji yalipungua tu, hayakukoma. Tangu hapo viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hujikuta wakibanana kwenye madimbwi.

Je, wajua nani alibebeshwa lawama? Wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu, wafugaji wa ardhioevu ya Ihefu, na mvua yenyewe. Kila idara ilikuwa na mkosaji wake. Mgao wa umeme wa miaka ya 1990 nao ukahusishwa na kukauka huko, ingawa Mtera hujazwa hasa na maji ya msimu wa mvua, si kijito cha kiangazi.

Je, wajua kwamba mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine cha Morogoro, Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji vilianza kulichunguza jambo hili pamoja? Mradi uliitwa RIPARWIN. Wahandisi wa umwagiliaji walifanya kazi na wachumi, na wapima maji wakafuatana na wataalamu wa jamii. Sioni namna nyingine ambayo fumbo lile lingefumbuliwa, kwa sababu sehemu yake moja ilijificha ndani ya jambo lililohesabiwa kuwa maendeleo.

Jambo hilo ni mabanio ya zege, yaani vizuizi vinavyokinga maji ya mto na kuyaelekeza mferejini. Banio la asili la vijiti, mawe na matope lilivuja, na maji yaliyovuja yalimfikia mkulima wa chini. Banio la kisasa lilimwezesha wa juu kukinga karibu mto wote wakati wa kiangazi. Mhandisi huliona banio lisilovuja kuwa kazi safi. Ni mkulima wa chini mtoni anayejua faida ya kuvuja.

Je, wajua kwamba wakulima wa Usangu wamewahi kucheza gololi na watafiti? Mchezo huo wa bonde la mto ulibuniwa na Bruce Lankford wa East Anglia na wenzake. Ni ubao mkubwa wenye mfereji katikati, ndio mto, unaoshuka kutoka milimani hadi ardhioevu. Gololi za kioo ndizo maji. Pembeni zipo skimu kubwa na ndogo zenye vitundu, na kila kitundu ni jaruba la mpunga. Gololi zinapoachiwa, mchezaji hutega kijiti chake mtoni, akazikinga na kuziingiza shambani. Aliye juu hujaza vitundu vyake vyote. Aliye chini huinama juu ya ubao akingoja, na zinazomfikia ni chache au hakuna. Wa juu anaiona shida ya jirani yake mbele ya macho yake, bila mtu kumhubiria. Kisha wachezaji hutakiwa kucheza upya kama jamii moja, nao huanza kujadili zamu, nani apunguze, na mfereji upi ufungwe kiangazi. Mtafiti husikiliza na kuandika. Mimi nauhesabu ubao ule kuwa darasa bora kuliko ripoti nyingi nene za maji.

Je, wajua kwamba mchezo huohuo umejaribiwa Nigeria pia?

Je, wajua kwamba UNESCO iliitangaza miaka ya 1965 hadi 1974 kuwa Muongo wa Kimataifa wa Haidrolojia, yaani elimu ya maji? Na kwamba chuo cha maji cha Delft, Uholanzi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa nchi zinazoendelea tangu 1957?

Je, wajua kwamba hailazimu kwenda Ulaya kusomea maji? Mtandao wa vyuo vikuu wa WaterNet, ulioanzishwa mwaka 2000, uliwezesha mwanafunzi kuanza shahada ya uzamili Dar es Salaam au Harare, kisha kuhamia chuo cha nchi nyingine ya ukanda wa kusini na mashariki mwa Afrika kwa masomo ya ubobezi. Wanaotoka nchi zinazogawana mto mmoja hujikuta dawati moja, na hilo kwangu ni jambo kubwa.

Je, wajua kwamba kituo cha hali ya hewa kinaweza kukaa uwanjani mwa shule? Mradi wa TAHMO, ulioasisiwa na watafiti wa Uholanzi na Marekani, umeweka vituo katika shule za Kenya, na takwimu za mvua zikawa somo la wanafunzi.

Je, wajua kwamba mifupa ya ng'ombe husafisha maji? Maeneo ya Arusha na Kilimanjaro yana maji yenye floridi nyingi, inayotia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu zaidi ya hapo. Kituo cha kuondoa floridi cha Ngurdoto kimekuwa kikichoma mifupa kupata mkaa unaonasa floridi. Mkemia anaweza kueleza jinsi floridi inavyonaswa. Anayepika kwa maji hayo ana swali lake, nalo huulizwa sehemu nyingi duniani: mifupa hiyo ni ya mnyama gani? Asipopata jibu la kumridhisha, ataendelea kuteka palepale pa zamani, hata chujio liwe zuri namna gani.