Kanzidata Inapochelewa Kujibu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi taarifa zinavyopangwa katika majedwali. Leo tuiangalie kero inayowafanya wengi wakimbilie kununua mashine mpya: umeuliza jambo dogo, na kompyuta inakawia dakika nzima kukujibu.

Hapa Kipalapala, penye seminari kuu na kiwanda cha uchapaji, vitabu tunavijua. Chukua leja ya ubatizo ya parokia yoyote. Watoto huandikwa kwa mfuatano wa tarehe. Anayefuata cheti huku akijua tarehe yake huhudumiwa upesi. Asiyeijua, na leja isiwe na faharasa ya majina, atasubiri zifunuliwe kurasa zote. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo: pasipo faharasa husoma jedwali zima. Mistari elfu moja hutahisi kitu. Ikifika milioni tano utachoka.

Faharasa ya kompyuta kwa kawaida ni mti wa aina waliyoibuni Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing, Marekani, makala yao ikachapishwa mwaka 1972. Kila tawi hubeba mamia ya funguo, hivyo hatua tatu au nne hufikisha kwenye jina moja kati ya mamilioni.

Lakini faharasa ya nini? Hapo ndipo wengi hukosea. Ukiipanga leja kwa majina ya ubatizo kisha ukamtafuta Maria, utatumwa karibu kila ukurasa. Heri usome kitabu chote. Kompyuta hupiga hesabu hiyo na kuiacha faharasa yako. Panga kwa jina la ukoo pamoja na mwaka wa kuzaliwa, na wanaobaki ni wachache. Usirundike faharasa ovyo, maana kila mtoto mpya lazima aingizwe katika zote.

Basi usikisie. Katika programu ya kanzidata kama PostgreSQL au MySQL, tanguliza neno EXPLAIN mbele ya ombi lako, nayo itataja njia inayokusudia kupita. PostgreSQL ikijibu Seq Scan, yaani kusoma jedwali zima, juu ya jedwali kubwa, nawe unamtafuta mtu mmoja, ugonjwa umeuona. Ukiongeza ANALYZE katika PostgreSQL utapata muda halisi, ila angalia: hapo ombi hutekelezwa kweli, hata likiwa la kufuta.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja iliyokuwa na faharasa zote zinazohitajika, na bado majibu yalichelewa. Programu yao iliomba orodha ya wanachama 300, kisha ikarudi kuuliza malipo ya kila mmoja peke yake: maombi 301. Wapagazi wa zamani wa hapa kwetu Unyanyembe hawakwenda Pwani na kurudi kwa ajili ya pembe moja moja ya ndovu. Walifunga mizigo, wakaondoka msafara mmoja. Tuliunganisha majedwali mawili katika ombi moja, orodha ikafunguka papo hapo.

Mwenye ofisi, kabla hujasaini hati ya kununua seva, mwambie fundi wako akuonyeshe jibu la EXPLAIN.

Itaendelea.