Palizi ya Pamba: Jembe, Ng'ombe na Dawa

Eldoret ni mji uliojulikana tangu zamani kwa mahindi na ngano. Hata hivyo, mjini humo kimo kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970, kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kufunguliwa upya mwaka 2019 baada ya kuwekewa mitambo mipya. Kiwanda hicho chahitaji pamba, nayo pamba haistawi katika baridi ya Eldoret, penye kimo cha karibu meta 2,100 juu ya bahari. Hustawi chini, katika joto la bonde la Kerio. Basi mkulima aliyezoea mahindi ya juu, akiteremka bondeni kulima pamba, imempasa kujua jambo moja kwanza: dawa iponyayo shamba la mahindi huliua shamba la pamba.

Dawa hiyo ni 2,4-D, ambayo ilianza kuuzwa katika miaka ya 1940. Kazi yake ni kuua magugu yenye majani mapana, bila kuidhuru mimea ya jamii ya nyasi. Mahindi na ngano ni jamii ya nyasi, kwa hiyo husalimika. Pamba ina majani mapana, na dawa haiwezi kuitofautisha na gugu. Mabaki machache ndani ya bomba la kunyunyizia, au mvuke uliochukuliwa na upepo kutoka shamba la jirani, yatosha kuleta hasara. Majani mapya huwa membamba kama vidole, na vitumba hupukutika. Nyasi nazo hubaki zikisitawi! Kulisuuza bomba mara moja kwa maji hakutoshi. Yafaa pamba iwe na bomba lake peke yake.

Mwezi wa Desemba 1919 haukujua pamba kama ile iliyoruhusiwa na Serikali ya Kenya mwezi wa Desemba 2019, ambayo hujikinga yenyewe na viwavi wa vitumba. Lakini kukinza viwavi si kuvumilia dawa ya magugu. Ikinyunyiziwa glaifoseti, pamba hiyo hufa kama nyingine.

Adui wa pamba ni magugu ya mwanzo. Mche wake hukua polepole, na katika majuma 8 ya kwanza hauwezi kushindana na magugu kwa maji, chakula wala mwanga. Baadaye matawi hufunika ardhi, na kivuli chake huzuia magugu mengi. Mkulima akichelewa mpaka magugu yafike magotini, palizi yake haitarudisha kilichokwisha potea.

Apandaye kwa mistari iliyonyooka aweza kupitisha kati yake plau ndogo ya kupalilia ikokotwayo na ng'ombe, kisha akamaliza kwa jembe karibu na miche. Asichimbe sana, kwa maana mizizi mingi ya pamba iko karibu na uso wa ardhi. Palipo na sangari, haro peke yake huongeza taabu: kila kipande cha mzizi kilichokatwa huota upya. Mizizi hiyo yapaswa kukusanywa na kukaushwa juani kabla ya kupanda.

Zipo dawa zinazoifaa pamba. Pendimethalini hunyunyiziwa ardhini mara baada ya kupanda, ili kuzuia mbegu za magugu zisiote. Haiui gugu lililokwisha kuota. Fluazifopi huua nyasi na kuiacha pamba. Kila dawa isomwe karatasi yake kwanza, ipimwe kwa kipimo kilichoandikwa, na mnyunyizaji avae glavu, viatu vya mpira na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Upepo ukivuma, kazi ingoje.

Faida huonekana siku ya kuuza. Vipande vya majani makavu vikishika katika nyuzi, pamba ambayo ingaliitwa safi huteremka kuwa fifi, na bei yake huteremka pia. Jembe lililoingia shambani mapema, pamoja na dawa iliyochaguliwa kwa akili, ndivyo viletavyo gunia la pamba safi kiwandani.